Mwache Apumzike

Torgeir alipostaafu aliamua kwamba tutauza nyumba yetu ya Drammen na kuhamia mlimani moja kwa moja. Hakuniuliza. Alilisema mezani asubuhi moja, kati ya kipande cha mkate na kingine, kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba mvua itanyesha, nami papo hapo nikaanza kuzungumza juu ya mapazia. Nilisema mapazia yetu hayatatosha madirisha ya kule. Nilisema duka liko mbali, daktari wa meno yuko mbali zaidi, na binti yetu Ingvild atatuletea wajukuu lini na barabara ile. Nilisema mengi, maana kwa kusema sijambo. Mume wangu alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akakusanya makombo kwa kiganja, akasema mapazia tutanunua.

Basi safari ile ya mwisho wa Oktoba ilikuwa ya kuonja. Wikendi moja ya utulivu, yeye na mimi tu, majani yamekwisha kupukutika na theluji haijafika, wakati ambao watu wengi wamefunga vijumba vyao na kuteremka. Jumanne ambayo ingefuata, dalali angekuja kupiga picha sebule yetu. Baada ya hapo lisingerudi nyuma jambo hilo, namjua mume wangu. Nilikuwa nimepewa wikendi moja ya kuona kama naweza kuishi kule mpaka nife, na tangu gari lilipoacha lami nilijua kwamba siwezi. Sikusema. Nilizungumza juu ya mashimo ya barabarani.

Kijumba chetu alikijenga baba yake Torgeir kwa mikono yake, juu kabisa ya pale miti inapoishia. Vijumba vingine vimetawanyika mlimani, kila kimoja mbali na mwenzake kiasi kwamba husikii jirani akikohoa, na ukimuuliza Torgeir, huo ndio uzuri wa mahali penyewe. Wa karibu yetu ni Eilif, mjane, zamani fundi umeme wa meli. Yeye hupanda Septemba kuwinda kwale na hubaki hadi theluji imfukuze. Kwa miaka yote ya ujirani wetu ameingia ndani kwetu mara chache kuliko mtu anayekuja kusafisha bomba la moshi. Hatuna ugomvi naye hata chembe. Ndivyo tulivyo. Njiani utamwamkia kila mtu, hata yule ambaye mjini usingemtazama usoni, lakini mlango wa mtu hugongi. Amepanda kutafuta amani yake, na kumwondolea amani ni kama kumchotea kuni zake.

Ijumaa tulipofika nilifagia panya wawili waliokufa, nikaweka shuka, nikabandika sufuria. Torgeir alikwenda na ndoo kwenye chemchemi, maana pampu alikuwa ameshaifunga kwa ajili ya baridi. Njia ya chemchemi hupita chini ya dirisha la Eilif. Alirudi uso umemng'aa, jambo ambalo sikuliona Drammen tangu alipoagwa kazini.

"Nimemwona Eilif," akasema, akitua ndoo.

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu. Yuko pale dirishani kwenye benchi lake. Kanipungia mkono, nami nikampungia."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Hukuingia kumsalimia?"

"Niingie nikafanye nini, Solfrid? Mtu anapumzika." Akavua buti, akatabasamu peke yake. "Hayo ndiyo maisha, mama. Anakupungia, unampungia, mambo yamekwisha. Kule mjini jirani akikuona lazima akueleze goti lake."

"Goti lake nilimuuliza mimi."

"Najua. Nilikuwepo."

Ananiita mama akiwa na furaha au akitaka kitu, na jioni ile alikuwa na vyote viwili. Nilipika nyama ya kondoo na kabeji, sufuria nzima, kwa sababu sijui kupika kidogo. Nikasema pengine tumwite Eilif, peke yake pale atakuwa anakula nini. Torgeir akanitazama kama nimependekeza tualike bendi ya tarumbeta.

"Mwache apumzike," akasema.

Tukala. Torgeir akasema nyama ni nzuri. Kisha akachukua kitabu chake cha samaki wa mitoni, akanyoosha miguu kuelekea jiko, akatulia. Mimi nilipanga vikombe kwa ukubwa. Nikavipanga tena, mishikio ikitazama upande mmoja. Nilikwenda mlangoni kutazama nyota, nikarudi, nikakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nje hapakuwa na sauti yoyote, wala upepo. Nilimsikia Torgeir akimeza mate.

"Keti basi," akasema bila kuinua macho.

"Nimeketi."

"Umeketi kama mtu anayesubiri basi."

Nikacheka, lakini ndani nilikuwa naogopa. Nilijiona kwenye kiti kile Januari, Februari, Machi, vikombe vyote vimeshapangwa. Niliogopa kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Nilitaka kumwambia pale pale, maneno yalikuwa mdomoni. Nikamtazama alivyonyoosha vidole vya miguu kwenye soksi alizofumiwa na mama yake, alivyostarehe, nikauliza kama haoni kwamba taa ile ina mwanga mdogo sana kwa macho yake.

"Inatosha," akasema.

Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa na umande ulioganda, majani yote meupe. Niliamka mapema, nikasimama dirishani na kikombe cha kahawa, nikitafuta kitu cha kutazama. Kitu pekee kilikuwa nyumba ya Eilif upande wa pili wa bonde dogo. Bomba lake halikutoa moshi.

"Eilif hajawasha moto," nikasema.

"Atawasha." Torgeir alikuwa anapaka jibini la kahawia kwenye mkate wake, kwa umakini kama anapaka rangi mlango.

"Na baridi hii?"

"Ana umeme."

"Wa jua. Ule hauchemshi hata birika. Wewe mwenyewe ulimcheka."

"Solfrid. Tumekuja kupumzika au kulinda moshi wa watu?"

Nikanyamaza, yaani nikahamia kwenye mazungumzo ya jibini. Baadaye tulitoka kutembea, kwa sababu mlimani lazima utembee, hata kama huna unakokwenda. Kwenye njia panda tulikutana na Bergljot na mbwa wake. Bergljot ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha barabara, mwanamke anayejua ni gari la nani limechimba shimo gani. Tulisimama kidogo, tukasifu hali ya hewa.

"Mmemwona Eilif?" nikauliza.

"Jana asubuhi nilipita pale," akasema. "Alikuwa dirishani. Kaninyanyulia mkono, nikamnyanyulia, akaninyanyulia tena. Nikamwambia mume wangu, Eilif amechangamka siku hizi."

"Eilif, amechangamka?"

"Mlima unamfaa yule. Amani, unaona? Hana wa kumsumbua."

"Ndicho ninachomwambia huyu," akasema Torgeir, na wote wawili wakanitazama kwa huruma.

Bergljot akaendelea na mbwa wake, nasi na njia yetu. Mimi sikuona njia wala milima. Kitu kilikuwa kinanichoma na sikujua ni nini, mpaka tulipokuwa tunarudi, nikasimama ghafla na Torgeir akanigonga mgongoni.

"Eilif hapungi mkono," nikasema.

"Nini?"

"Eilif huinua kidevu. Hivi. Tangu tumjue. Hata kwenye mazishi ya mkewe aliinua kidevu. Umewahi kumwona anapunga mkono?"

"Watu hubadilika."

"Eilif?"

Akaanza kutembea tena, mbele yangu sasa, mabega juu. Nikaja nyuma yake nikisema. Nikasema mtu yuko dirishani Ijumaa asubuhi, yuko dirishani Ijumaa alasiri, hana moto Jumamosi, na anapunga mkono. Torgeir hakugeuka mpaka tulipofika kwenye ngazi zetu.

"Sikiliza," akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. "Ukienda kumgongea mlango, atafungua kwa sababu ana adabu. Atakupikia kahawa kwa sababu ana adabu. Utakaa, utazungumza, na yeye atakaa akihesabu dakika. Kisha miaka yote tutakayoishi hapa atakuwa anajificha akituona. Siku mbili tu hizi, Solfrid. Kama siku mbili huwezi kumwacha mtu apumzike, huku tutaishije?"

Pale ndipo nilipopaswa kumwambia kwamba hatutaishi. Hakuna nafasi nzuri zaidi ambayo angeweza kunipatia. Badala yake nikaingia ndani, nikachota nyama na kabeji kwenye bakuli, nikafunika kwa kitambaa, nikatoka.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Imebaki nyingi."

"Nitaona aibu, Solfrid. Nakwambia ukweli."

"Ione basi, nikirudi utanionyesha," nikasema, nikateremka bondeni.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Ningesema nimepika kupita kiasi, naweka hapa kwenye ngazi, sitaki hata kuingia. Nilikuwa na haya kama msichana anayepeleka barua ya mapenzi. Karibu nirudi. Kisha nikafika pembeni mwa nyumba nikaona ngazi ya mbao imelala kwenye majani, na kifuniko cha dirisha la juu kinaning'inia kwa bawaba moja. Niliinua macho kwenye dirisha la sebuleni. Eilif alikuwepo, kichwa kimeegemea ukuta, uso mweupe, na mkono wake ulikuwa umeinuliwa kidogo, kiganja kwenye kioo. Aliponiona aliutikisa.

Sikumbuki nililiweka wapi bakuli. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje, na harufu ya mtu ambaye hakuweza kwenda chooni. Alikuwa amelala nusu kwenye benchi, mazulia yote ya sakafuni amejirundikia, mguu mmoja umegeuka upande ambao mguu haugeuki.

"Samahani," akasema Eilif. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. "Sijapika kahawa."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema Alhamisi. Alikuwa anafunga vifuniko vya madirisha kwa ajili ya majira ya baridi, ngazi ikateleza. Aliweza kujiburuta hadi ndani na hadi kwenye benchi, kwa sababu benchi linaonekana kutoka njiani, lakini jiko lilikuwa mbali sana na kuni mbali zaidi. Maji alikuwa nayo, ndoo ilikuwa karibu. Simu ilikuwa kwenye koti, koti kwenye msumari, na hata ingekuwa mkononi isingemsaidia. Mtandao kule kwetu unapatikana juu ya kilima tu, kila mtu anajua, na Torgeir huutaja ukosefu huo kama mtu anayesifu mandhari.

Nilitoka nje nikapiga kelele. Nilimwita mume wangu kwa jina lake mlima mzima, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Hakuna mtu anayepiga kelele kule. Nilimwona akitoka nyuma ya nyumba na shoka mkononi, akasimama, na najua kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba nimemtia aibu. Nikapiga kelele tena, "Amevunjika! Kilimani! Piga simu!" Torgeir akatupa shoka, akakimbia. Sijamwona akikimbia tangu Ingvild alipokuwa mdogo. Alikimbia vibaya, mikono imetawanyika, lakini alikimbia.

Mimi niliwasha jiko. Nikamvua Eilif soksi zilizolowa, nikamvika koti langu, nikamnywesha mchuzi wa kondoo kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa kuwa sikujua kama anaruhusiwa. Alikuwa anatetemeka hadi benchi linalia. Macho yake yalianza kufumba.

"Usilale," nikasema.

"Basi sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Wewe unajua kusema. Nakusikiaga mkifika, sauti inavuka bonde." Alijaribu kutabasamu. "Huwa nazima redio."

Sijui kama alimaanisha anazima ili anisikie vizuri au kwa kuwa hawezi kusikia redio, na hadi leo sijamuuliza. Nilisema. Nikamweleza wajukuu, nikamweleza shimo la barabarani na anayelichimba. Nikafika kwenye mapazia. Nikamweleza kwamba Torgeir anataka tuhamie hapa, dalali anakuja Jumanne, na madirisha ya kule kwetu ni mapana, na mapazia yetu ya Drammen ni mafupi. Kisha nikamsikia mtu akisema, "Sitaki kuhamia huku, Eilif. Sitaki hata kidogo. Nitakufa kwa upweke huku." Mtu huyo nilikuwa mimi.

Akafumbua macho.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia juu ya mapazia."

Eilif alilifikiria hilo kwa muda, akitetemeka. "Mm," akasema. Sisi wote kule husema hivyo, na maana yake inategemea anayesikiliza.

Helikopta ilitua kwenye tambarare chini ya nyumba ikapeperusha majani yote yaliyobaki. Vijana wawili na mwanamke mmoja walimfunga kwenye machela kwa upole, wakamuuliza maswali, wakamtania kidogo. Mmoja aliniambia usiku mmoja zaidi ungekuwa mwingi. Torgeir alisimama kando, kofia mkononi kama kanisani. Helikopta ilipoondoka kimya kilirudi, kikawa kikubwa kuliko mwanzo.

"Amesema alianguka lini?" Torgeir akauliza.

Ningeweza kumdanganya. "Alhamisi."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akihesabu, ingawa hakukuwa na kitu kikubwa cha kuhesabu. Akageuka akaiangalia njia ya chemchemi, pale ambapo mtu mwenye ndoo hupita chini ya dirisha, akaiangalia muda mrefu. Nilikuwa na haki ya kusema, nilikwambia. Neno hilo nimelitumia kwa mambo madogo zaidi. Lakini uso wake ulikuwa umezeeka mbele yangu, nikahisi huruma na hasira kwa pamoja, na hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Alipasua kuni hadi giza likaingia. Tulikuwa na kuni za kutosha miaka mitatu. Aliingia, akala alichowekewa, hakugusa kitabu. Nilipotaka kuzungumza nilikuta kwamba sina neno. Tulikaa hivyo, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa anasimama na kuketi, anakwenda mlangoni na kurudi.

Jumapili tulifunga nyumba tukateremka hadi hospitali ya bondeni. Eilif alikuwa ameshafanyiwa upasuaji na walituruhusu kumwona kidogo. Kwenye korido Torgeir alinishika kiwiko.

"Niseme nini?" akauliza.

Kwa kawaida ningempa sentensi tatu achague. Mimi ndiye ninayemwandikia kadi za pole, ndiye ninayempigia simu dada yake siku ya kuzaliwa na kumwekea sikioni. Nikasema sijui. Nikamwacha aingie mbele.

Eilif alikuwa kitandani, amenyolewa, mdogo kuliko alivyo kwenye fulana yake ya kuwindia. Aliinua kidevu. Torgeir akavuta kiti, akabaki amesimama nyuma yake, akikishika kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Eilif. Ijumaa nilikuona."

"Nami nilikuona."

"Ulikuwa unaniita."

"Ndiyo."

"Nikakupungia."

"Ndiyo," akasema Eilif. "Ulipunga vizuri."

Hakuwa anamkejeli. Ilikuwa vibaya zaidi kwa sababu hakuwa anamkejeli.

"Kosa ni langu pia," Eilif akaendelea, akitazama shuka. "Nilipunga mkono mmoja. Bergljot naye, nilimpungia mmoja. Nikafikiri baadaye, ningepunga yote miwili mngeelewa."

"Kwa nini hukupunga miwili?"

Mlangoni muuguzi alipita na kitoroli.

"Ulikuwa umefurahi," akasema hatimaye. "Ulikuja na ndoo zako unapiga mluzi. Nikasema, huyu bwana na mkewe wamekuja kupumzika, nisiwaharibie wikendi. Nikasema atapita mwingine."

Nilitaka kuwachapa wote wawili. Nilitaka kutoka nje nirudi na fimbo. Mtu nyonga imevunjika, baridi inamla, hajui kama ataiona Jumapili, na anakadiria furaha ya mwenye ndoo. Na mwenye ndoo anapita. Wala hapakuwa na mtu mbaya kati yao, hilo ndilo lililonimaliza. Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya.

Torgeir alikiacha kiti. Akaketi kitandani, kitu ambacho wauguzi hawakipendi, akauchukua mkono wa Eilif akaushika kwa mikono yake miwili, akalia. Hakusema samahani, au kama alisema sikuisikia. Eilif alitazama dari akasubiri, kwa adabu, mpaka mwenzake akamaliza. Hakuuondoa mkono.

Kwenye maegesho Torgeir aliingia upande wa dereva, akafunga mlango, akaweka funguo mapajani. Hakuwasha gari. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza, na huko juu milimani bila shaka ilikuwa theluji.

"Wewe ulitaka kuhamia kule?" akauliza.

"Nani?"

"Wewe, Solfrid. Unataka?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza. Nilifungua mdomo, na kilichokuja kwanza, naapa, ni daktari wa meno. Nikamrudisha daktari wa meno alikotoka.

"Hapana," nikasema. "Sitaki. Sijawahi kutaka. Naogopa kule."

Mikono yake ilikuwa bado myekundu kwa kupasua kuni.

"Mbona hukusema? Wewe unayesema kila kitu."

"Ulikuwa umefurahi sana."

Akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Akageuza uso, akafuta kioo cha mbele kwa mkono wa koti, ingawa ukungu ulikuwa kidogo.

"Basi dalali nitamwambia asije," akasema, na kulisema hilo kulimgharimu. Nilijua ninachomnyang'anya. Tangu ujana wake kazini alikuwa akivumilia kwa kuifikiria nyumba ile. "Itaniuma," akasema. "Nakwambia tu. Itaniuma muda mrefu."

"Najua."

Akaweka ufunguo mahali pake, akawasha gari, vifutio vikapita mara moja kwenye kioo. Kisha akalizima tena.

"Kuna kingine ambacho hujasema?"

Kilikuwepo. Kilikuwa kingi, na kingine kilikuwa cha zamani kuliko Ingvild. Nilifungua mkanda wa kiti, nikamgeukia, nikaanza na kile kigumu zaidi.